Kabla ya Kuomba Uzamili wa Petroli: Hotuba kwa Wahitimu wa Tanga

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, walimu wangu ambao baadhi yenu mlinifundisha hapa hapa mjini, mama zangu, na ninyi wadogo zangu ambao ndio wenye siku ya leo: shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na kwa wengine wote, hamjambo. Nimezaliwa Ngamiani na nimesoma hapa mpaka kidato cha sita, na kila ninaposimama mbele ya watu wa Tanga ni kama nimesimama mbele ya wazazi wangu. Kwa hiyo nitasema yale tu ninayoyajua na ninayoweza kuyasimamia.

Mmeniomba nizungumzie sifa anazotakiwa kuwa nazo mtu anayetaka kusoma shahada ya uzamili katika uhandisi wa nishati na petroli. Natambua kwa nini swali hili lina moto hapa kwetu. Tarehe 5 Agosti 2017, Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, pale Chongoleani, ng'ambo ya ghuba yetu. Kijana aliyekuwa kidato cha nne siku ile, leo ana shahada ya kwanza mkononi, na anataka kujua kama anaweza kuingia katika kazi hiyo kwa mlango wa elimu ya juu zaidi. Vijana wengi wananiandikia, na karibu wote huanza na swali la GPA, yaani wastani wa alama za chuoni. Nitalijibu, na nitalijibu upesi, kwa sababu si hilo linalowakwamisha. Katika miaka niliyosaidia vijana wa kwetu kuomba vyuo, nimeona makaratasi yakitafutwa na yakapatikana. Kinachowaangusha ni mambo mawili, nayo ni hesabu walizoziacha mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, na kwenda kuomba chuo bila kuwa na swali lao wenyewe. Hayo mawili ndiyo nitakayokaa nayo muda mrefu.

Kwanza niliweke sawa neno lenyewe. Tukienda kituo cha mafuta tukasema petroli, tunamaanisha kile kinachotiwa katika gari na pikipiki. Katika sheria na katika vyuo, petroli ni pana zaidi: ni mafuta ghafi, ni gesi asilia, na ni kila kinachotokana navyo. Ndiyo maana Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ndiyo inayosimamia gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay, ingawa huko hakuna tone la petroli ya kutia katika gari. Sekta yenyewe imegawanywa katika mikondo mitatu. Mkondo wa juu ni kutafuta, kuchoronga na kuzalisha, na huo msimamizi wake ni PURA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti mkondo huo. Mkondo wa kati ni kusafirisha, kuchakata na kuhifadhi. Na mkondo wa chini ni kusambaza na kuuza. Mtu anayeomba uzamili ajue anaomba mkondo gani, kwa kuwa shahada nyingi zinazoitwa za uhandisi wa petroli ni za mkondo wa juu, ilhali bomba la Chongoleani na matangi yake ni mkondo wa kati. Nimewahi kukutana na kijana aliyekuwa tayari kusoma miaka 2 ya elimu ya miamba akidhani ndiko wanakofundisha mabomba.

Sasa GPA. Katika mfumo wetu wa alama 5, daraja la pili la chini huanzia 2.7, na hicho ndicho kima cha chini kinachotajwa kwa kawaida na vyuo vyetu kwa mwombaji wa uzamili. Vyuo vingi vya Marekani hutaka 3.0 katika mfumo wao wa alama 4, na hapa naomba mnisikilize vizuri: 3.0 ya kwao si 3.0 ya kwetu. Msijigeuzie alama kwa kukisia, wala msijikatie tamaa kwa kulinganisha namba mbili zilizotoka katika mizani mbili tofauti. Vyuo vina watu wa kufanya kazi hiyo, na wao husoma pia ni masomo gani uliyapata vizuri. Mwenye 3.1 aliyepata alama za juu katika termodainamiki na mekanika ya vimiminika anaweza kutazamwa kwa jicho jema kuliko mwenye 3.8 iliyojengwa kwa masomo mepesi ya hiari. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Kuhusu shahada ya kwanza, haihitajiki iwe ya petroli. Wanaopokelewa ni wahandisi wa kemikali, wa mitambo, wa ujenzi, wa umeme wakati mwingine, pamoja na waliosoma jiolojia, fizikia na hisabati. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vina shahada za kwanza katika fani ya petroli, na waliotoka huko wana njia iliyonyooka. Aliyetoka fani nyingine mara nyingi hupokelewa kwa sharti: atasoma kwanza masomo ya kuziba pengo, na masomo hayo kwa kawaida hayahesabiwi katika shahada. Mwana jiolojia ataambiwa asome mekanika ya vimiminika. Mhandisi wa mitambo ataambiwa asome jiolojia ya petroli. Ni muhula mzima huo, na una ada yake. Kwa hiyo wewe uliye mwaka wa tatu sasa hivi, ukiwa na nafasi ya somo la hiari, liteue kwa kutazama pengo hilo. Utakuwa umejiokolea fedha ambazo baba yako hana.

Nakuja kwenye hesabu, na hapa nitakaa.

Mnajua maji tunayokunywa mjini hutoka bwawa la Mabayani, na kwamba maji ya mto lazima yachujwe kabla hayajafika mabombani. Katika mji wa Dijon nchini Ufaransa, mhandisi Henry Darcy alikuwa na kazi ya namna hiyo hiyo, ya kuwapatia watu wa mji wake maji ya kunywa. Alijaza mchanga katika bomba la wima, akapitisha maji, akapima, na mwaka 1856 akachapisha kanuni aliyoiona: kasi ya maji kupita katika mchanga hufuata tofauti ya shinikizo kati ya juu na chini, na hupungua kadiri tabaka la mchanga linavyorefuka. Darcy hakuwa akifikiria mafuta hata kidogo. Lakini kanuni hiyo, ilipoongezewa mnato wa kimiminika, ndiyo inayotumika leo kukadiria kisima kitatoa mapipa mangapi, kwa sababu mafuta hayakai chini ya ardhi kama ziwa ndani ya pango, jinsi wengi wetu tulivyofikiri utotoni tulipokuwa tukipelekwa mapango ya Amboni. Yamo ndani ya mwamba wenyewe, katika vinyweleo vidogo, kama maji yalivyomo ndani ya mchanga mbichi wa ufukwe wa Raskazone. Vinyweleo ni kimoja, na kuunganika kwa vinyweleo ni kingine: udongo wa mfinyanzi una nafasi nyingi za kubeba maji na bado maji hutuama juu yake, kwa kuwa njia zake ni finyu mno.

Mama zangu mtanielewa zaidi nikisema nazi. Ukikuna nazi ukaikamua, unapata tui zito la kwanza. Ukiishia hapo, machicha bado yana mafuta mengi. Kwa hiyo unatia maji, unakamua tena, unapata tui la pili, jepesi. Mwamba wa mafuta hukamuliwa vivyo hivyo. Mwanzoni shinikizo la ardhini lenyewe husukuma mafuta kuja juu. Shinikizo likipungua, huchorongwa visima vingine vya kuingiza maji ili yasukume mafuta yaliyobaki kuelekea visima vya kutolea. Na baada ya yote hayo, mengi hubaki katika machicha. Wenzetu wa Uganda, ambao mafuta yao yaligunduliwa mwaka 2006, wanakadiria kuwa na mapipa bilioni 6.5 ndani ya miamba yao, na katika hayo, yanayotarajiwa kutoka ni bilioni 1.4 hivi. Ni zaidi kidogo ya moja ya tano. Mhandisi wa hifadhi ya mafuta ni mtu anayelala na kuamka na swali la hizo nne ya tano zinazobaki: zimeng'ang'ania wapi, na ni kitu gani kitakachozitoa bila kugharimu kuliko thamani yake.

Swali hilo halijibiwi kwa maneno. Linajibiwa kwa milinganyo inayoeleza jinsi shinikizo linavyobadilika kwa mahali na kwa wakati, mambo mawili kwa pamoja, na hiyo ndiyo kalkulasi ya mwaka wa pili ambayo wanafunzi wengi wa kwetu huipita kwa kukariri mitihani ya miaka iliyopita. Uzamili huanza pale kalkulasi hiyo inapoishia. Wiki ya kwanza mwalimu anaandika ubaoni mlinganyo wa usambaaji wa shinikizo katika mwamba, haelezi alama zake, na anaendelea. Nilikuwa darasani siku kama hiyo. Nilikuwa na cheti kizuri, nilikuwa na barua nzuri, na ilinibidi nitumie miezi minne ya usiku kujifunza upya kitu nilichokuwa nimeshafaulu mtihani wake. Wadogo zangu, sitaki mpite njia hiyo. Ukiwa na mwaka mmoja kati ya shahada ya kwanza na uzamili, fungua tena daftari la kalkulasi, ufanye maswali kwa mkono wako, kisha ujifunze lugha moja ya kuandikia programu za kompyuta, kwa sababu miamba halisi haikubali kukokotolewa kwa kalamu. Hugawanywa vipande maelfu kwa maelfu na kompyuta ikapewa kazi ya kuvifuatilia kimoja kimoja.

Jambo la pili ni swali lako mwenyewe. Kila chuo kitakutaka uandike maelezo ya kwa nini unaomba, na kama ni uzamili wa utafiti, kitakutaka uandike pendekezo la utafiti. Nimesoma maelezo mengi ya vijana wetu. Karibu yote yanasema kwamba mwandishi alipenda sayansi tangu utotoni na anataka kuja kulitumikia taifa. Ni kweli tupu, na siwadharau walioandika, kwani hata mimi niliandika hivyo. Tatizo ni kwamba mwombaji wa Lagos na mwombaji wa Jakarta nao wameandika hivyo hivyo, na msomaji wa chuo hana cha kumtofautisha mmoja na mwingine.

Lakini mtu wa Tanga ana swali mlangoni pake. Bomba la Hoima hadi Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania, kupitia mikoa 8, sisi tukiwa wa mwisho. Mafuta yatakayopita humo yana nta nyingi. Mnajua mafuta ya nazi yanavyoganda katika chupa asubuhi za kipupwe, mwezi wa Julai. Mafuta ghafi ya Uganda huganda hata katika joto la mchana wetu. Kwa hiyo bomba limesanifiwa livishwe tabaka la kuzuia joto lisipotee na lipashwe kwa umeme, ili mafuta yabaki katika nyuzi 50 za Selsiasi au zaidi mpaka yafike.

Sasa tufanye hesabu pamoja, wenye simu wazitoe. Bomba limesanifiwa kubeba mapipa 216,000 kwa siku. Pipa moja ni lita 159 hivi, kwa hiyo ni lita zaidi ya milioni 34 kwa siku, yaani karibu lita 400 kila sekunde. Kipenyo chake ni inchi 24, sawa na sentimita 61. Gawanya ujazo kwa eneo la mdomo wa bomba, utapata kwamba mafuta yatatembea kama mita 1.4 kwa sekunde, mwendo wa mtu aliyechelewa sokoni. Kwa mwendo huo, tone lililoingia Hoima litafika Chongoleani baada ya siku 12 hivi, na muda wote huo likiwa bombani chini ya ardhi za Singida na Dodoma ambazo usiku huwa na baridi. Halafu jiulize: uzalishaji ukipungua nusu, kama unavyopungua katika kila uwanja wa mafuta duniani kadiri miaka inavyokwenda, mwendo utakuwa nusu, safari itakuwa zaidi ya siku 20, na kila lita itapoteza joto kwa muda maradufu. Ni umeme kiasi gani utahitajika wakati huo, na utatoka wapi? Pampu zikisimama, mafuta yatapoa kwa saa ngapi kabla hayajaanza kuganda, na itahitajika nguvu kiasi gani kuyasukuma tena? Na kwa kuwa matangi ya Chongoleani yamepangwa kuhifadhi mapipa milioni 2, ambayo ni kama siku 9 za mtiririko kamili, itakuwaje meli zikichelewa kwa upepo wa kusi?

Hayo ni maswali manne, na kila moja linatosha tasnifu ya uzamili. Mwombaji anayeandika ukurasa mmoja juu ya mojawapo, akaweka na hesabu yake ya awali hata kama ina makosa, amejitofautisha. Profesa anayefanya utafiti wa nta katika mabomba, awe Trondheim, awe Edinburgh, awe Tulsa, akisoma kwamba mwombaji amekulia kwenye mwisho wa bomba la namna hiyo, atataka kumjua zaidi. Mwandikieni profesa wa namna hiyo kabla ya kuomba. Barua iwe fupi, iutaje utafiti wake uliousoma kweli, na imuulize kitu kimoja. Wengine hawatajibu, na haina neno. Andika kwa mwingine.

Barua za mapendekezo kwa kawaida ni 2 au 3, na lazima angalau moja iwe ya mwalimu aliyekufundisha somo gumu. Watu wa kwetu hupenda barua ya mheshimiwa fulani mwenye cheo. Nawaomba muache. Mwalimu msaidizi aliyekusimamia mradi wa mwaka wa mwisho, na anayekumbuka ulivyotengeneza upya kifaa kilichoharibika, anasema jambo ambalo mkubwa asiyekujua hawezi kulisema.

Nakala za matokeo ziombeni mapema. Nilipomaliza shahada ya kwanza, chuo nilichosoma kilichukua miezi mitano kunipa nakala rasmi, kwa sababu alama za somo moja la mwaka wa kwanza hazikuwa zimeingizwa na hakuna aliyekuwa tayari kusema kosa ni la nani. Nilipanda basi kwenda na kurudi mara sita. Nafasi niliyokuwa nimepewa ng'ambo ilipita, nikasubiri mwaka mzima. Siwezi kuwarudishia wengine mwaka kama huo, ila naweza kuwaambia: kila mwisho wa muhula hakiki alama zako zote zimo, na lililopungua lifuatilie ukiwa bado chuoni, wakati mwalimu wa somo hilo bado anakujua kwa sura.

Lugha. Vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kiingereza hutaka mtihani wa IELTS, na wastani unaotajwa mara nyingi ni 6.5, matokeo yake hukubaliwa kwa miaka 2. Vipo vyuo vinavyokubali barua kutoka chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo ulizeni kwanza kabla hamjalipia mtihani. Marekani baadhi ya vyuo huongeza mtihani wa GRE, ambao matokeo yake hudumu miaka 5, na sehemu ya hesabu ndiyo wanayoitazama zaidi kwa mhandisi.

Ukishaingia, kuna masharti ya kumaliza. Ulaya bara, uzamili kwa kawaida ni miaka 2 yenye krediti 120, yaani vipimo vya uzito wa masomo, na muhula wa mwisho mzima ni wa tasnifu. Marekani uzamili mara nyingi ni wa krediti 30 hivi kwa kipimo chao, na mwanafunzi huchagua njia ya tasnifu au njia ya masomo bila tasnifu, huku akitakiwa asishuke chini ya wastani wa B. Uingereza huchukua mwaka mmoja, mwaka wa kukimbia bila kupumua. Msidanganywe na wepesi wa njia isiyo na tasnifu kama mnafikiria kufundisha chuoni au kuendelea na uzamivu. Bila tasnifu, mlango huo hufunguka kwa shida. Anayetaka kurudi kazini upesi, hiyo inaweza kumfaa. Na cheti chochote cha ng'ambo, siku ukirudi nacho, kitapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu kutambuliwa, kwa hiyo angalieni hadhi ya chuo kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Wazee wangu, sasa naomba nizungumze na ninyi kidogo. Mzazi anaposikia petroli anasikia mshahara mkubwa. Ni haki yake. Lakini ujenzi wa bomba huajiri maelfu, na likishakamilika, huendeshwa na watu wachache wenye ujuzi mahsusi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ilianza kuzalisha umeme mwaka 2004. Hiyo ni miaka 30, na kijana aliyesomea gesi mwaka wa kwanza wa ugunduzi ule angekaribia kustaafu. Gesi ya kina kirefu cha bahari ya kusini iligunduliwa kuanzia mwaka 2010, na akiba yote ya nchi inatajwa kuwa futi za ujazo trilioni 57.54, na bado sehemu kubwa imekaa chini ya sakafu ya bahari ikisubiri mitaji na mikataba. Mtoto wako asisomeshwe kwa kutegemea mradi mmoja.

Ndiyo maana nawahimiza vijana watazame neno la kwanza katika jina la shahada hii, nishati. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kiliondoa jina la petroli katika idara yake mwaka 2006, na idara nyingine nyingi zimeweka nishati mbele na kuibakiza petroli nyuma. Sababu yake inaeleweka ukiujua mlinganyo wa Darcy. Mvuke wa Olkaria, unaowapa Wakenya umeme tangu mwaka 1981, hupita katika miamba kwa kanuni ile ile. Jotoardhi linalotafutwa Ngozi kule Mbeya huchorongwa kwa ujuzi ule ule. Kuingiza hewa ya ukaa chini ya ardhi ikahifadhiwa humo ni kazi ya kisima cha mafuta iliyogeuzwa kichwa chini. Hata maji ya visima vya Handeni na Mkinga yanafuata mlinganyo huo huo. Kijana aliyeuelewa mlinganyo huo barabara ana kazi ya kufanya hata siku ambayo hakuna meli ya mafuta inayotia nanga Tanga, na katika kuchagua chuo naomba mtazame kama masomo ya jotoardhi na uhifadhi wa hewa ya ukaa yamo katika orodha. Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha ina uzamili wa nishati endelevu, na kwa anayependa upande huo hakuna haja ya pasipoti.

Fedha ni ngumu, na sitasema vinginevyo. Mkopo wa serikali umeelekezwa zaidi shahada ya kwanza. Norwei, ambako wengi wa rika langu walisoma bila ada, imeanza kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya tangu mwaka 2023, na wanaosema bado ni bure wanawapotosha. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hutaka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na miaka 2, na hukutaka urudi nyumbani ukae miaka 2. DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi, katika baadhi ya ufadhili wake, hutaka pia miaka 2 ya kazi na shahada ambayo haijazidi miaka 6. Mnaona jinsi masharti haya yanavyokubaliana: yanataka mtu aliyefanya kazi. Na kwa mhandisi wa Tanzania hiyo si hasara, kwa maana Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo ina mpango wa mafunzo kazini wa miaka 3 kwa mhitimu anayeelekea kuwa mhandisi mtaalamu. Miaka hiyo ikitumika katika kiwanda cha saruji, bandarini, au katika mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, inahesabika huku na inahesabika kule.

Mabinti mliopo, nimewahesabu, ninyi ni theluthi ya ukumbi huu, na katika maswali niliyoletewa kwa maandishi kabla ya kusimama hapa, yaliyoandikwa kwa makini zaidi ni ya kwenu. Upo ufadhili unaowapa wanawake wa uhandisi kipaumbele. Ombeni huo kwanza, kabla ya ule wa wote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na wenye kuswali wanasubiri Alasiri. Baada ya swala nitarudi niketi pale kwenye meza iliyo karibu na dirisha mpaka saa 12. Waliokuja na nakala za matokeo wazilete, tutazipitia somo kwa somo, tuone pengo liko wapi. Na wale ambao hawakuja nazo, wanaweza kuja na lile swali la matangi na meli. Nitakuwa na karatasi za kutosha kwa hesabu.